Kidonge Kabla ya Chai: Niliyojifunza Baada ya Tezi Yangu Kulegea

Mwezi uliopita dada mmoja wa kwetu alinipigia simu kutoka Mombasa. Aliambiwa na daktari kuwa tezi yake ya koo imelegea, akapewa vidonge, na baada ya miezi mitatu akaviacha. "Havifanyi kazi," akaniambia. "Mwili ni ule ule." Nikamuuliza swali moja tu: wavimeza na nini? Akajibu kwa mshangao kidogo, kana kwamba nimemuuliza jua hutokea wapi: "Na chai, mwenzangu. Na nini tena?"

Swali hilo niliulizwa mimi pia, hapa Kisumu, baada ya kuhangaika miezi mitano. Ndiyo maana nimeona niandike. Mimi si daktari. Ni mwanamke wa Kibokoni niliyefuata mume huku ziwani miaka kumi na sita iliyopita, nikaja na karai langu, na tangu hapo nauza mahamri na mbaazi za nazi mtaa wa Kaloleni. Lakini ugonjwa huu nimeuishi, na yale ambayo nilielezwa kwa kuchelewa ningependa wewe uyajue mapema.

Sweta mbele ya karai

Kisumu si mji wa baridi. Mchana jua la ziwani huchoma, na usiku wakati mwingine hata shuka ni mzigo. Basi mwaka 2022 nikaanza kusikia baridi. Nakaa mbele ya karai la mafuta yanayochemka, nimevaa sweta, na vidole vya miguu ni baridi kama vya maiti. Wateja wakacheka, nami nikacheka nao.

Kisha yakaja mengine, moja moja, kila moja na sababu yake ya kulieleza. Uchovu: nikasema ni umri na kuamka saa tisa usiku. Choo kigumu: nikasema sinywi maji ya kutosha. Nywele kukatika: nikalaumu maji ya kisima. Uso kuvimba asubuhi: nikasema nimelala vibaya. Sauti ikawa nzito hadi mama yangu, kila nikimpigia, akawa aniuliza, "Mwanangu, hayo mafua hayaishi?" Nikawa nasahau. Nimewahi kukanda unga bila hamira na kuusubiri uumuke tangu saa tisa hadi alfajiri. Na hedhi ikawa nzito kupita kiasi, siku nane, siku tisa.

Huku ziwani mtu akisema mwili umechoka, jambo la kwanza ni malaria, na haki yao, maana malaria ni ya hapa. Nilipimwa, nikatibiwa, nikapimwa tena. Mama akatuma kombe kutoka nyumbani, nikalinywa kwa nia safi. Mahali pengine niliambiwa damu imepungua, na kweli ilikuwa imepungua, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Vishike vidonge hivyo akilini, tutavirudia.

Mume wangu si mtu mbaya, lakini alianza kusema nimekuwa mvivu. Na mimi nilianza kumwamini. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko baridi. Mwanamke aliyesomesha watoto wawili kwa karai anajiona mvivu, anaona aibu, ananyamaza.

Aliyegundua ni daktari kijana katika kliniki ndogo. Alinipigisha magoti kitini, akagonga kamba ya nyuma ya kisigino kwa kinyundo chake. Mguu ukaruka, kisha ukarudi polepole, kama mlango wenye bawaba kavu. Akaniambia, "Mama, twende tupime tezi." Majibu yakaja: kipimo kiitwacho TSH, ambacho kwa kawaida huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, kwangu kilikuwa 38.

Jiko, makaa na upepeo

Nilishangaa. Nilidhani ugonjwa ni wa kupungua, mbona namba iko juu? Naomba nieleze kwa lugha ya jikoni, kwa sababu ndivyo mwenyewe nilivyoelewa.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutengeneza homoni ambayo ndiyo makaa ya mwili mzima. Makaa yakiwa ya kutosha, moyo hupiga vizuri, utumbo husukuma, ngozi hubaki laini, akili huchangamka. Makaa yakipungua, kila kitu huchemka kwa uvivu.

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo kazi yake ni kulichunga jiko. Ikiona moto unafifia, hushika upepeo na kupepea. Huko kupepea ndiko TSH. Moto ukizidi kufifia, nayo huzidi kupepea. Kwa hiyo TSH ikiwa juu maana yake moto uko chini, na TSH ikiwa chini sana maana yake moto umezidi hadi hakuna haja ya kupepewa. Ukiishika hiyo, hutaogopa karatasi ya maabara tena.

Kwa nini tezi hulegea? Wazee wetu walijua ugonjwa wa tezi kwa uvimbe wa shingo, rovu. Mara nyingi rovu lilitokana na upungufu wa madini ya joto, yaani ayodini, hasa sehemu za bara na milimani. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, kilipata umaarufu usio mzuri kwa hili: watafiti waliofika huko miaka ya 1960 na 1970 walikuta ayodini haba, na muhogo usioandaliwa vizuri ukizidisha shida. Tiba yake ilikuja kupitia chumvi. Kenya hutia ayodini katika chumvi ya kupikia, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutoka kwetu pwani, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Mboga ya hapa Kisumu hukolezwa na bahari ya Hindi.

Kwa hivyo kwangu haikuwa chumvi. Pale ayodini inapotosha, sababu kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe. Ugonjwa huo huitwa Hashimoto, kwa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi hutembea ndani ya ukoo. Wengine tezi hulegea baada ya kufanyiwa upasuaji wa shingo, au baada ya kutibiwa tezi iliyozidi kasi. Hakuna kati ya hizo ambayo ni husda ya jirani.

Je, ni halali?

Swali hili mama aliniuliza kabla ya kuuliza bei, na najua wasomaji wengi wa pwani watauliza. Dawa yenyewe huitwa levothairoksini. Ni homoni ile ile ambayo tezi ingetengeneza.

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa wake maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mama yule, ambaye kabla ya hapo hakuwa na tiba, aliishi miaka 28 zaidi. Desemba 1914 Edward Kendall, huko Marekani, aliitoa homoni yenyewe ikiwa safi, na mwaka 1927 Charles Harington na mwenzake wakaweza kuitengeneza maabara bila mnyama yeyote. Vidonge vya levothairoksini vinavyotumika leo ni vya kutengenezwa hivyo. Zipo dawa nyingine za tezi, unga uliokaushwa wa tezi ya nguruwe, ambazo huuzwa nchi za nje na kusifiwa mitandaoni kuwa ni "za asili". Ukiletewa zawadi ya aina hiyo kutoka ng'ambo, soma kibandiko kwanza.

Kosa langu

Nilianzishiwa maikrogramu 50 kwa siku. Nikaambiwa meza asubuhi, rudi baada ya wiki nane. Aliyenipa dawa dirishani hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

Asubuhi yangu iko hivi. Naamka saa tisa, nawasha jiko, nabandika chai ya maziwa na tangawizi. Nikipata kikombe cha kwanza ndipo macho hufunguka. Basi kidonge nikakimeza na chai, na kidonge cha damu papo hapo, ili nisisahau. Mafuta yakinipanda kwa kiungulia, natafuna dawa ya tumbo. Nilijiona mgonjwa mwenye nidhamu kabisa.

Baada ya wiki nane, TSH 31. Dawa ikapandishwa hadi 100. Wiki nane nyingine, 24. Ikapandishwa hadi 125. Nilitoka kliniki siku hiyo nimevunjika moyo. Nilijua kuna kitu mwilini mwangu kinachoikataa dawa.

Nikaingia famasia kununua dozi mpya. Kijana wa Kijaluo aliyekuwa zamu akatazama karatasi, akatazama ile ya zamani, akaniuliza kwa upole, "Mama, hivi vidonge unavimeza na nini?"

Nikamweleza. Akavuta kiti. Akasema levothairoksini ni dawa yenye haya: haipendi kuingia tumboni ikutane na watu. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya damu huishika na kuizuia isinyonywe. Kalisiamu, iwe ya maziwa au ya dawa nyingi za kiungulia, hufanya vivyo hivyo. Kahawa nayo huipunguza. Hata chakula chenyewe huizuia. Kwa hivyo kila siku nilikuwa nalipia kidonge kizima na kupata sehemu ndogo, kilichobaki kikatoka na choo.

Tazama namna mambo yalivyojifunga: tezi ililegea, hedhi ikazidi, damu ikapungua, nikapewa madini ya chuma, na yale madini ya chuma yakaizuia dawa ya tezi. Hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alitibu kipande chake, na mimi ndimi niliyevijua vipande vyote bila kujua kwamba vinahusiana.

Alinipa kanuni ambazo nazifuata hadi leo. Kidonge kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au kitu chochote. Vidonge vya damu, vya kalisiamu na dawa ya kiungulia, angalau saa nne baadaye. Mimi vya damu nikavihamishia usiku.

Kosa la pili, ambalo halizungumzwi

Nikatii kwa moyo wote. Lakini sikumwambia daktari wangu kwamba nimebadilisha namna ya kumeza. Nilidhani ni jambo dogo.

Wiki ya nne moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa. Mikono ikatetemeka nikikata mahamri, pembe zikawa hazinyooki. Usingizi ukaruka. Nikawa na hasira za ghafla, mtoto akiangusha kijiko nafoka. Jasho likanitoka, mimi ambaye juzi nilikuwa kwenye sweta. Nilirudi kliniki: TSH 0.1. Moto ulikuwa umezidi.

Maana yake ilikuwa rahisi. Ile 125 ilipangwa kwa mwanamke anayepoteza dawa nyingi kila siku. Nilipoacha kuipoteza, ikawa nyingi mno. Dawa ikashushwa hadi 75, na mwezi wa Machi 2023, TSH ikasoma 2.6. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote katika makala haya: dozi hupimwa pamoja na mazoea yako. Ukibadilisha saa ya kumeza, ukianza dawa mpya, au duka likikubadilishia kampuni inayotengeneza, mwambie daktari na uombe kupimwa tena. Na wala usidhani kuzidisha ni afadhali kuliko kupungukiwa. Dawa ikizidi kwa muda mrefu huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa sisi tunaokaribia au tuliopita umri wa hedhi. Ndiyo sababu wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa kidogo sana, mara nyingi 25, na kupandishwa polepole.

Kawia ufike

Watu wengi huacha dawa hii kwa sababu ya kungoja. Panadol ukimeza, kichwa hutulia saa hiyo hiyo. Levothairoksini si hivyo. Huingia polepole na kutoka polepole: ukiacha leo, baada ya kama siku saba nusu yake bado imo mwilini. Kwa sababu hiyo kila dozi mpya huhitaji wiki sita hadi nane kabla ya kipimo kusema kweli. Kupima baada ya wiki mbili ni kuonja wali ambao maji hayajakauka.

Kwangu choo kilirudi kwanza, kisha joto la mwili, kisha sauti. Mama alijua kwenye simu kabla sijamwambia. Akili ilichukua miezi. Nywele zilikuja mwisho kabisa. Unene ulipungua kidogo tu, na daktari aliniambia ukweli kwamba sehemu kubwa ya kilo zangu ilikuwa ya mahamri, si ya tezi. Kidonge hiki si dawa ya kukondesha, na asiye na ugonjwa akikitumia hivyo anachezea moyo wake.

Maswali ninayoulizwa

Ramadhani itakuwaje? Nimefunga kila mwaka tangu hapo, alhamdulillahi, kwa kushauriana na daktari. Mimi humeza usiku wa manane kabla ya kulala, saa tatu au zaidi tangu nilipokula mara ya mwisho. Wengine huamka nusu saa au saa nzima kabla ya daku, wakameza kwa maji, ndipo wakala. Wapo wanaofungulia kwa maji na kidonge kisha wakangoja nusu saa kabla ya uji na kaimati, lakini mimi hilo siliwezi, nasema kweli. Chagua njia moja na uishike mwezi mzima.

Nikisahau siku moja? Usihamaki. Meza ukikumbuka, au endelea kesho kama kawaida. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini, siku moja haiangushi nyumba. Mwezi mmoja huiangusha.

Muhogo nisile? Ukitumia chumvi yenye ayodini na muhogo ukaiva vizuri, kula. Cha kuangalia ni saa ya kidonge.

Vidonge vya nywele na kucha? Vingi vina vitamini iitwayo biotini, ambayo haiharibu tezi lakini huweza kuvuruga kipimo cha maabara kikatoa jibu la uongo. Mwambie daktari, na uviache siku mbili hivi kabla ya kutolewa damu.

Niviweke wapi? Mbali na jiko na mbali na bafu. Joto na unyevu huidhoofisha dawa hii, na miji yetu, Mombasa na Kisumu, ina vyote viwili. Viache ndani ya karatasi yake, kabatini chumbani.

Na ujauzito? Hili liwekee alama. Mtoto tumboni, miezi ya mwanzo, hutegemea homoni ya mama kwa ukuaji wa ubongo. Mwanamke anayetumia dawa hii akijua ana mimba asingoje kliniki ya mwezi ujao. Aende wiki hiyo hiyo, kwa maana mara nyingi dozi hupandishwa mapema. Na ukimsikia mtu anasema mjamzito aache dawa zote, huyo msimsikilize.

Je, ni ya maisha? Kwa wengi wetu, ndiyo. Neno hilo lilinitisha. Nililia kwenye matatu kutoka Kondele hadi nyumbani. Lakini sasa nalitazama kama chumvi, kitu kidogo cha kila siku. Anayeacha kabisa anaweza kuonekana mzima wiki kadhaa, kisha akashuka polepole. Na akifika mahali pa kupoa mwili, kusinzia na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Akimbizwe hospitali, asifunikwe blanketi tu na kuachwa alale.

Mume wangu nilimpa karatasi ya maabara akaisoma mwenyewe. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa mgonjwa." Siku hizi akilala wa mwisho ndiye hujaza gilasi ya maji na kuiweka karibu na kidonge. Naamka saa tisa, nameza, nawasha jiko, nakanda. Unga ukianza kuumuka ndipo nabandika chai.

Yule dada wa Mombasa naye amerudi kwa daktari wake, amemweleza kila kitu, pamoja na chai. Ameanza upya. Nimemwambia asinipigie kuniuliza kama dawa inafanya kazi hadi wiki ya sita ipite.